KOPO LA RANGI YA ZAMANI

Mji wa Mwanza umejengwa juu ya miamba, kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasukuma. Mgeni afikaye huko mara ya kwanza hustaajabia mawe makubwa yaliyosimama majini na vilimani, kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Lakini akikaa siku mbili tatu ataona jambo la pili, nalo ni wingi wa pikipiki. Toka alfajiri pikipiki hupanda na kushuka njia za vilima, zikichukua watu, ndoo za samaki, magunia ya dagaa na mikungu ya ndizi. Waziendeshao huitwa bodaboda. Jina hilo lilianza Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walichukua abiria kutoka upande mmoja wa mpaka mpaka upande wa pili.

Somo letu ni habari ya kijana mmoja wa kazi hiyo, pamoja na makopo matatu ya zamani.

Kituo chake kijana huyo kilikuwa Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Pikipiki haikuwa mali yake bado. Aliipata kwa mkataba, yaani kila siku alimpa mwenyewe fedha walizopatana, ili hesabu ikitimia pikipiki iwe yake. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu. Lakini rangi ya tangi la petroli ilikuwa imebambuka, na kutu ilianza kula chuma. Kijana akasema moyoni, "Siku itakapokuwa yangu, nataka iwe na sura ya mali ya mtu." Ila fedha ya kumlipa fundi hakuwa nayo.

Nyumbani kwao, katika chumba cha vyombo, palikuwa na makopo matatu aliyoyaacha marehemu baba yake, ambaye alikuwa akipaka rangi milango, mitumbwi na magari. La kwanza lilikuwa la rangi nyekundu ya mafuta, nusu kopo. La pili lilikuwa la dawa iliyo safi kama maji, ipakwayo juu ya rangi ili kuing'arisha na kuilinda. Mafundi huiita klia. La tatu, dogo kuliko yote, lilikuwa la hadina, yaani dawa itiwayo katika klia ili igande na kuwa ngumu. Makopo hayo yalikuwa yamekaa miaka sita. Kijana akayafuta vumbi, akayatikisa, akasikia kwamba ndani mna maji maji. Akafurahi, akasema, "Baba ameniachia urithi."

Jumamosi jioni akasugua tangi kidogo kwa msasa, akalipaka rangi nyekundu. Kesho yake akaazima bomba la kunyunyizia rangi, akachanganya klia na hadina, akanyunyiza. Jua lilikuwa limekwisha kutua, na upepo wa ziwani ulikuwa mnyevu. Tangi liling'aa kama kioo. Kijana akalala akiwa na furaha.

Asubuhi hakuamini macho yake. Rangi ilikuwa imejikunja makunyanzi kama ganda la embe lililonyauka. Alipoigusa, kidole kikanata. Tena wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao huruka kwa makundi kama moshi juu ya maji, walikuwa wamenaswa humo mamia kwa mamia. Akangoja siku ya pili, na ya tatu, na ya nne, akidhani itakauka, haikukauka. Na siku zote hizo hakufanya kazi, wala hakuwa na fedha ya kumpa mwenye pikipiki. Mwenyewe akamwambia, "Hesabu ya siku nne iko juu yako. Ukifika siku saba, nitampa mtu mwingine." Hapo kijana akalitia tangi katika gunia, akaenda kwa miguu hata Mabatini, kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa rangi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umekuja kwa miguu?"

Kijana hakujibu. Alilitoa tangi katika gunia, akaliweka chini. Mjomba wake aliligeuza huku na huku, wala hakumcheka. Akauliza neno moja tu: "Ulijaribu kwanza?"

"Nijaribu nini, mjomba? Makopo yalikuwa na vifuniko vizima, na ndani mlikuwa maji maji."

"Kifuniko si shahidi, mwanangu. Wala umri wa kopo si shahidi. Liko kopo la miaka kumi lifaalo, na liko la mwaka mmoja lililokufa. Anayejua kweli ni kipande cha bati kilichotupwa. Keti, nikueleze."

Basi akamweleza hivi.

Rangi ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Cha kwanza ni unga uletao wekundu au weusi. Cha pili ni gundi iushikao unga huo na kuubandika katika chuma au mti. Cha tatu ni maji maji yalainishayo vyote, ili vipate kupakwa. Ya namna moja huitwa thina. Klia ni rangi isiyotiwa unga, ndiyo maana twaona kilicho chini yake. Mtu atakaye kujua kama rangi ya zamani yafaa, sharti ajue kwanza rangi hiyo hukauka kwa njia gani, maana njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni thina kuruka hewani, kama maji yarukavyo juu ya jiwe la moto. Inayobaki ni gundi na unga. Hivyo ndivyo ikaukavyo rangi ya duko. Zamani magari yalipakwa rangi za mafuta, na kazi ya gari moja iliweza kuchukua majuma kadhaa. Yapata mwaka 1923 kiwanda cha magari ya Oakland huko Marekani kilianza kutumia rangi mpya iliyokauka upesi, jina lake Duco. Jina hilo limebaki vinywani mwa mafundi wetu mpaka leo. Rangi ya namna hii ikizidi kuwa nzito koponi kwa sababu thina imeruka, mara nyingi huamka tena ikitiwa thina ya namna yake.

Njia ya pili ni ya rangi ya mafuta. Hii huvuta oksijeni katika hewa, na hiyo ndiyo iigeuzayo kuwa ngumu. Kwa hiyo kopo lililojaa hudumu, bali kopo la nusu huharibika upesi, maana nusu ya pili ni hewa. Ukilifunua utaona utando juu, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Usikate tamaa kwa kuona utando. Chini yake huenda rangi ni nzima.

Njia ya tatu ni ya klia na hadina. Hapa vitu viwili huungana na kuwa kitu kipya, wala haviwezi kuachana tena, kama vile yai lililopikwa lisivyorudi kuwa bichi. Kwa hiyo klia iliyokwisha kuchanganywa na hadina haiwekwi akiba. Hutumiwa saa zile zile. Na hadina ina adui mmoja mkubwa, nao ni unyevu. Kila kopo lifunguliwapo, hewa yenye unyevu huingia, na hadina huanza kuungana na unyevu huo badala ya kuingoja klia. Ikiharibika sana, huwa na ukungu, au huwa nzito, au hufanya chembe chembe. Lakini pengine imepoteza nguvu zake bila kuonyesha dalili yo yote kwa macho.

"Sasa," akasema mjomba, "yahesabu makosa yako mwenyewe."

Kijana akafikiri, akasema, "La kwanza, hadina ilikuwa imekufa, nami sikujua. Ndiyo sababu klia yanata."

"Vema. Na makunyanzi je?"

"Hayo siyajui."

"Rangi ya mafuta uliyoipaka jana yake ilikuwa haijakauka ndani. Thina iliyo katika klia ni kali; ikaingia chini, ikaivimbisha rangi na kuiinua. Hilo ni kosa la pili: kuweka juu kitu kisichopatana na kilicho chini. Na la tatu ni saa uliyochagua."

Kwa habari ya kosa hilo la tatu, kila mtoto wa ziwani aweza kulifahamu. Ukitoka kuoga ziwani na upepo ukivuma, wasikia baridi, hata kama jua ni kali. Maana maji yarukayo hewani huchukua joto la mwili wako. Vivyo hivyo thina irukapo huchukua joto la chuma. Chuma kikiwa baridi kuliko hewa yenye unyevu, umande hushika juu yake, na rangi za duko na klia hupata ukungu mweupe. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na pwani yake haikosi unyevu, hasa wakati wa mvua za masika na za vuli. Kwa hiyo fundi mwenye akili hapulizi rangi asubuhi penye umande, wala magharibi, wala mvua ikikaribia. Hungoja saa nne hivi, hewa ikiwa kavu, naye hukaa kivulini mahali pasipo vumbi. Tena magharibi ndiyo saa ya wadudu.

Baada ya maneno hayo mjomba akatoa tangi kuukuu lenye mabonde, la pikipiki ya namna ile ile, akamwazima ili kazi isizidi kusimama. Kijana akarudi barabarani siku ile ile. Jioni akaja na makopo yake matatu, wakaanza kuyajaribu.

Kwanza wakalifunua kopo la rangi nyekundu. Palikuwa na utando mnene. Wakaukata ukingoni kwa kisu, wakautoa mzima bila kuuvunja vunja ndani. Chini unga ulikuwa umetuama kama udongo. Mjomba akaukoroga kwa kijiti kipana, akiinua toka chini, kwa muda mrefu, hata rangi ikawa ya namna moja. Akasema, "Kama chini ingekuwa ngumu kama mpira, au kama rangi ingekuwa na mabonge kama uji uliokatika, ningekuambia uiache." Kisha wakaichuja kwa soksi nyembamba ya nailoni, wakapaka kidogo juu ya kipande cha bati kilichosuguliwa kwa msasa.

Pili wakapima klia na hadina kwa kiasi kilichoandikwa koponi, wakapaka juu ya kipande kingine. Vipande vyote viwili wakaviweka mahali pakavu, wakaandika siku na saa kwa mkaa ukutani.

Siku ya tatu wakavitazama. Rangi nyekundu ilikuwa imekauka. Kucha haikuacha alama. Lakini klia ilipokea alama ya kidole kama nta. "Waona?" akasema mjomba. "Bati hili limekuambia bure jambo ambalo tangi lilikuambia kwa gharama ya siku nne."

Kijana akasema, "Basi nitapaka rangi nyekundu peke yake, niiache klia."

"Ngoja. Liko jaribio moja tena." Mjomba akachovya tambara katika petroli, akakisugua kile kipande chekundu. Tambara likawa jekundu. "Tangi hutiwa petroli kila siku, na matone humwagika. Rangi hii haitavumilia hapo. Lakini fremu na madigadi havimwagiwi petroli. Huko yafaa kabisa, ukiipa siku za kutosha ikauke."

Hapo kijana akafahamu. Urithi wa baba yake haukuwa wa kutupwa wote, wala haukuwa wa kutumiwa wote. Rangi ikaenda kwenye fremu na madigadi. Kwa ajili ya tangi wakanunua duko kidogo, na klia mpya pamoja na hadina ya kiwanda kile kile, maana hadina ya kiwanda kimoja haifai kubahatishwa na klia ya kingine. Fedha ilipopungua, mjomba akaongeza, akasema, "Utanilipa kwa kazi. Jumapili mbili utakuja kunisaidia kupiga msasa."

Rangi ya zamani ina hatari zake pia, nayo yatupasa kuzijua.

Rangi nyingi za miaka ya nyuma zilitiwa risasi, nayo ni sumu. Vumbi lake likiingia kinywani au puani hudhuru, hasa akili za watoto wadogo. Kwa sababu hiyo mjomba hakukwangua tangi likiwa kavu. Alilimwagia maji na kutumia msasa wa maji, akaosha mikono kabla ya kula, wala hakuruhusu watoto wa jirani kusimama karibu.

Mvuke wa hadina ipulizwapo huweza kumtia mtu ugonjwa wa pumu, na mtu akiisha kuupata, hata mvuke kidogo humrudishia. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke huo. Kwa hiyo siku ya kunyunyiza mjomba alivaa kifuniko cha uso chenye dawa ya kuchuja hewa, na kijana alipotaka kushika bomba, akamkataza: "Kifuniko ni kimoja, na mapafu yako ni mawili tu. Kaa mbali."

Tena mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hata ukalifikia jiko la mkaa lililo mbali, na moto ukarudi kwa kasi mpaka ulipotoka. Hata matambara yenye rangi ya mafuta yakirundikwa pamoja huweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Huanikwa moja moja nje, mpaka yakauke.

Kazi ilipokwisha, ikabaki klia mbovu pamoja na hadina yake. Kijana akaichukua ili aimwage katika mtaro. Mjomba akamshika mkono.

"Mtaro huu waenda wapi?"

"Waenda katika Mto Mirongo."

"Na Mirongo waenda wapi?"

"Ziwani."

"Na maji ya bomba tunywayo hutoka wapi?"

Kijana akanyamaza, maana alijua kwamba maji ya mji wa Mwanza huvutwa ziwani. Akaimwaga klia katika mchanga mkavu ndani ya debe bovu, mahali peupe mbali na moto, akauacha mchanga mpaka ukagandamana ndipo ukatupwa jalalani. Kopo la hadina likaachwa wazi mahali pa juu pasipofikiwa na watoto, hata unyevu wa hewa ukaigeuza kuwa ngumu kama jiwe. Halikufungwa, kwa kuwa hadina iliyoingiwa na unyevu hutoa hewa iwezayo kulipasua kopo. Na makopo matupu yakatobolewa chini, ili mtu asije akayafanya vyombo vya kuchotea maji au kutilia chakula.

Rangi nyekundu iliyosalia waliimimina katika chupa ndogo hata ikajaa, ili isibaki nafasi ya hewa. Wakafunga kwa nguvu, wakaandika juu yake jina la rangi, mwezi na mwaka, wakaiweka mahali pa baridi pasipo jua. "Aandikaye," akasema mjomba, "humwondolea mwenzake kubahatisha."

Kijana alimlipa mwenye pikipiki siku zake nne kidogo kidogo. Miezi miwili ilipokwisha, na siku nne juu yake, pikipiki ikawa yake. Ukisimama Kirumba asubuhi ungeweza kuiona kati ya nyingine, tangi liking'aa na fremu nyekundu kwa rangi ya marehemu baba yake. Na katika mfuko wake wa vifaa alikuwa na kipande cha bati chenye alama ya kidole. Wenzake walipomwuliza cha nini, aliwajibu, "Huyu ndiye mwalimu wangu."

Wazee husema, "Rahisi ni ghali." Lakini si kila kitu cha zamani kilicho ghali, wala si kila kipya kilicho salama. Mwenye busara hakisadiki kitu kwa kifuniko chake, wala hakitupi kwa umri wake. Hukijaribu kwanza mahali pasipo hasara, kisha hukitumia mahali kinapofaa.

MASWALI

1. Kwa nini kijana hakutaka kungoja mpaka apate fedha ya kumlipa fundi?
2. Taja njia tatu za kukauka kwa rangi. Kila moja ieleze kwa mfano wako mwenyewe.
3. Kwa nini kopo la nusu la rangi ya mafuta huharibika upesi kuliko kopo lililojaa?
4. Kijana alifanya makosa gani matatu? Kila kosa lilileta dalili gani juu ya tangi?
5. Kwa nini chuma hupata umande thina irukapo wakati hewa ni nyevu?
6. Mjomba aliijaribuje rangi nyekundu, na kwa nini aliikataa kwa tangi lakini akaikubali kwa fremu?
7. Eleza safari ya klia kama ingalimwagwa katika mtaro wa Mabatini.
8. Mjomba alimsaidia mpwa wake kwa njia zipi, zaidi ya kumfundisha?

ZOEZI

Tafuta nyumbani kitu cha akiba kilichokaa muda mrefu, kama mbegu, betri au gundi. Usiguse rangi, thina wala dawa bila mtu mzima. Andika jinsi utakavyokijaribu kitu hicho mahali pasipo hasara kabla ya kukitumia, kisha usome maandishi yako mbele ya darasa.